Uainishaji wa Wauguzi wa Beni na Butembo kwa Kigezo cha Gadimaladi

Serikali ya Kongo huwapanga wauguzi kwa diploma: A2, A1, A0. Mpangilio huo haumsaidii chochote mtu aliyesimama mlangoni mwa wodi na sufuria ya uji. Tunapendekeza kigezo kingine: namna muuguzi anavyomtendea gadimaladi, yaani ndugu anayelala sakafuni kando ya kitanda, anayepika, anayefua na kumwaga beseni.

Kundi la kwanza ni Wafukuzaji. Huonekana asubuhi, muda mfupi kabla daktari hajapita. "Bagadimaladi bote inje!" Mikeka inakunjwa, bibi anatoka na chupa yake ya chai. Daktari akishapita, Wafukuzaji hutoweka wote, na kwa muda mrefu hatukujua huenda wapi.

Hawaendi popote. Hugeuka kuwa Waitaji, ambao hutambulikana kwa kikaratasi mkononi. "Gadimaladi ya kitanda ya sita iko wapi?" Glovu zinatakiwa, sirinji, seramu, na famasi iko ng'ambo ya barabara. Aliyekuwa kero asubuhi sasa ni idara ya fedha, ugavi na usafirishaji. Usiku, muuguzi akibaki peke yake na wodi nzima, anampandisha cheo tena: "Mama, uangarie ile seramu. Ikikaribia kwisha, uniite." Mama hajasomea uuguzi hata siku moja, ila matone anayahesabu mpaka alfajiri. Kwa maoni yetu hakuna mashine inayomzidi.

Kundi la tatu, Waelezaji, huketi na kumfafanulia bibi ugonjwa kwa Kinande mpaka aelewe. Sampuli ni chache mno.

Nadharia hii ilipata msukosuko tarehe 1 Agosti 2018, Ebola ilipotangazwa Mangina, kisha ikaingia Beni, Butembo na Katwa. Kufukuza kukawa kanuni, na kwa haki: matapishi ya mgonjwa yanaweza kumuua anayeyafuta. Lakini familia iliyozoea kumlisha mtu wake kwa mkono ikawa inamwona akiingia hema la matibabu na haioni tena kinachoendelea. Penye nafasi ya gadimaladi ukakaa uvumi, na vita pamoja na uchaguzi ulioahirishwa Beni na Butembo mwezi Desemba vikauchochea.

Dawa moja ilikuwa ya kuona tu. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vya plastiki angavu, CUBE, ambamo mgonjwa na nduguye wanatazamana na kuzungumza. Dawa ya pili ilituvurugia uainishaji wote: waliopona, ambao miili yao ilikuwa na kinga, waliajiriwa kulea watoto na kukaa na wagonjwa. Gadimaladi mwenye mshahara! Sayansi haikuwahi kurekodi kiumbe kama huyo wodini.

Janga lilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya vifo 2,287. Gadimaladi wa kawaida yupo bado, halipwi, na makaa ya kupikia huja nayo mwenyewe.