Weka SSD, Mzee, Itapaa

Siku hizi kompyuta zina tiba moja tu. Ikichelewa kuwaka, weka SSD. Ikipata moto, weka SSD. Mwambie kijana yeyote wa Kariakoo kwamba herufi R ya kibodi chako haishuki mpaka uipige ngumi, atakutazama kwa huruma, atashusha sauti, halafu atakwambia, "Mzee wangu, we weka SSD. Itapaa." Kwenye daladala nimemsikia dada mmoja akimshauri mwenzake hivyohivyo, na walikuwa wanazungumzia printa.

Ubaya wa ushauri huu ni kwamba una ukweli ndani yake. Diski ya zamani ya kompyuta mpakato ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna mkono mdogo unaohangaika huku na huku kutafuta faili. SSD haina sahani wala mkono, ni chipu tupu. Zile za SATA husoma megabaiti 500 na ushee kwa sekunde, hizi nyembamba za NVMe huenda kwenye maelfu, wakati diski ya sahani ikijitahidi sana inagusa mia na kitu. Kwa hiyo sibishani na anayesema itapaa. Nagombana na kimya chake. Anakupa habari za angani tu. Za chini, pale mashine inapokaa na kioo cheusi na kugoma hata kujaribu, anakuachia uzigundue mwenyewe, kwa gharama zako, usiku.

Tuanzie dukani. Muuzaji wa SSD ana swali moja: "Ya ngapi?" Ukimjibu ya GB 500, mahojiano yamekwisha, anafungua droo. Haulizi mashine yako ni ipi wala sloti yake inapokea nini. Na mtego uko hapo, kwa sababu vile vibao vya M.2, upana milimita 22 na urefu 80, viko vya aina mbili zinazofanana mpaka stika. Kimoja ni cha SATA, kingine cha NVMe. Ukitaka kuvitofautisha tazama meno ya mwisho: cha NVMe kwa kawaida kina pengo moja, cha SATA mapengo mawili. Cha mapengo mawili kinaingia vizuri kabisa kwenye sloti ya NVMe. Kinaingia, kinakaa, kinafungwa skrubu, na mashine haikioni. Mimi nilipewa hicho. Nilipokirudisha ili nibadilishiwe, muuzaji aliniuliza kama nina uhakika sikukidondosha, ndipo akanipa cha NVMe.

Na hiyo skrubu! Kibao cha M.2 bila skrubu hakilali, kinainuka upande mmoja na kubaki hivyo. Skrubu yake ina unene wa milimita 2, na kwenye boksi nililouziwa haikuwemo. Boksi lilikuwa na kijitabu cha lugha chungu nzima, stika ya kubandika sijui wapi, na ahadi ya waranti. Muuzaji akasema skrubu inatakiwa iwe kwenye mashine. Mashine ilitoka Ulaya ikiwa imeshatumika, na huko Ulaya kuna mtu amebaki na skrubu yangu.

Kuna kero nyingine niimalize hapahapa: umelipia GB 500, mashine inakuonyesha 465. Hujaibiwa. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, na tofauti hiyo ikirudiwa mara tatu inakula GB 35. Hujaibiwa, narudia, ila ningependa kumwona aliyepanga hivyo akilipwa mshahara wake kwa hesabu hiyohiyo.

Kazi ya kuhamisha vitu kutoka diski ya zamani kwenda mpya aliichukua mpwa wangu, ambaye yuko chuo na kwa hiyo hakuna asichokijua. Wenyewe wanaita kukloni. Programu ikafika asilimia mia, diski ya zamani ikachomolewa, tukawasha. Kioo cheusi. Juu kushoto, sentensi moja nyeupe ya Kiingereza: hakuna kifaa cha kuanzia. Mashine nyingine huwa na adabu ndefu kidogo, inakuomba uweke kifaa kinachofaa kisha ubonyeze kitufe chochote. Nimeshabonyeza kitufe chochote maishani mwangu. Jibu lake ni sentensi ileile.

"Ulihamisha nini?" nikamuuliza mpwa.

"Kila kitu, Mjomba. C yote."

"Na vile vidogo vya pembeni?"

"Vile vya MB mia? Nikaona vinajaza nafasi tu."

Kumbe katika hivyo vinavyojaza nafasi ndimo limo fungu la EFI, lenye faili ambazo mashine huzitafuta mwanzo kabisa, kabla hata haijajua C ni kitu gani. Mpwa wangu alikuwa amejaza basi abiria mpaka wa kusimama, akamwacha dereva stendi. Picha zote zilikuwemo, barua zote zilikuwemo, hata michezo ambayo sikuiweka mimi. Wa kuondoa gari ndiye hakuwepo.

Katika hatua hii watu wanaojua huingia BIOS, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamka kabla ya Windows na kuamua nani aanze. Jina limekuwepo kwenye kompyuta ya IBM tangu mwaka 1981, na miaka yote hiyo haijatosha watengenezaji kukubaliana mlango wa kuingilia. Kwenye Dell unabonyeza F2, na F12 ukitaka kuchagua pa kuanzia. Kwenye HP ni F10, na hiyo nyingine ni F9. Kwenye Lenovo ni F1 au F2, na baadhi zina kitundu ubavuni unachokichokonoa kwa pini. Nyingi za mezani ni Delete. Halafu kitufe chenyewe kibonyezwe kati ya nembo kutokea na nembo kutoweka, muda ambao hautoshi hata kuvaa miwani. Ndiyo maana unawakuta watu wazima, wenye familia na heshima zao mtaani, wamekunja uso wanagonga F2 mfululizo mezani saa sita za usiku.

Mpwa alipoishiwa maneno tukaenda kwa fundi. Fundi hakuuliza historia ya mgonjwa. Akasema, "Tupige window." Mafundi wetu hupiga window kwa kila kitu, hata kioo kikipasuka wangependa kwanza wapige window waone. Akachomeka flashi yake, ambayo nadhani imeshapiga window nusu ya jiji hili, na mashine ikajibu kwamba Windows haiwezi kuwekwa kwenye diski hiyo kwa kuwa ni ya mtindo wa GPT. Fundi akaisoma sentensi mpaka mwisho, akachomoa flashi, akaipuliza, akairudisha. Sentensi haikubadilika.

Naomba uvumilivu kidogo hapa, kwa sababu mgogoro wote uko kwenye jambo hili. Diski huwa na ramani yake, na ramani ziko za mitindo miwili. MBR ni ya mwaka 1983, enzi za DOS. Ramani pamoja na maelekezo ya kuanzia vimebanwa kwenye baiti 512 za mwanzo, pungufu ya herufi za aya hii unayoisoma. Ndiyo maana haiwezi kushughulika na diski inayozidi TB 2 wala mafungu makuu zaidi ya manne. GPT ilikuja pamoja na UEFI, mrithi wa BIOS ile ya zamani, na kwenye Windows inaruhusu mafungu 128. Ya kwanza huanzishwa kwa njia ya kizamani, ambayo kwenye kioo imeandikwa Legacy. Ya pili huanzishwa kwa UEFI. Flashi ya fundi ilikuwa imewashwa kwa Legacy, diski yangu ilikuwa ya GPT, na Windows haifungishi ndoa za namna hiyo.

Fundi akaingia BIOS akageuza kila alichoweza kukigeuza. Akaweka Legacy, akazima ule ulinzi uitwao Secure Boot. Diski yangu ikapotea kabisa kwenye orodha ya vianzio, kwa sababu NVMe nyingi haziwezi kuanzishwa kwa Legacy. "Umeona, mzee? Hii diski imekufa." Nikairudisha dukani. Muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake, ikasomeka. "Diski nzima kabisa, mashine yako ndiyo mbovu." Nikarudi kwa fundi na ujumbe huo. Fundi akaniambia nimwambie muuzaji kwamba yeye kazi hii anaifanya tangu muuzaji yuko shule ya msingi. Nauli ya kupeleka salamu hizo nalipa mimi. Na mbovu hakukuwa na hata mmoja: diski ilikuwa nzima na mashine ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu wa kurudisha swichi moja kwenye UEFI.

Nikasema basi, nirudishieni diski yangu ya zamani, nirudi kwenye uchovu wangu niliouzoea. Ikarudishwa, na mipangilio ikarudishwa kwa kukisia. Mashine ikawaka, ikatafakari, ikaleta ukurasa wa bluu unaodai ufunguo wa BitLocker wenye tarakimu 48.

Arobaini na nane! Sisi ni watu tuliozoea tarakimu. Token ya Luku ina 20 na tunaziingiza gizani, mtoto akishika tochi ya simu, bila kukosea. Lakini 48? BitLocker ni kufuli la kulinda vilivyomo kwenye diski, na likiona mipangilio ya kuwashia mashine imechezewa linakuchukulia wewe ndiye mwizi. Mpwa wangu alikuwa ameliwasha kwa ajili ya usalama siku aliponiandalia mashine. Ufunguo aliuhifadhi kwenye akaunti aliyoifungua akiwa kidato cha pili, kwa namba ya simu ambayo sasa inapokelewa na mama mmoja wa Singida asiyependa kupigiwa usiku. Mungu si Athumani: siku ileile aliwahi pia kuuchapa kwenye karatasi, na karatasi tukaikuta kwenye droo ya risiti, nyuma yake mke wangu ameandika orodha ya sokoni. Baina ya nyanya na vitunguu, mashine ikafunguka.

Kilichofuata nilikifanya nyumbani, mpwa akishika tochi na kukatazwa kugusa. BitLocker ikazimwa kwanza. UEFI ikathibitishwa. Diski ikakloniwa nzima, pamoja na vile vidogo vya MB mia. Mashine ikazimwa, diski ya zamani ikatolewa nje kabisa kabla ya kuwasha, kwa kuwa diski mbili zilizokloniwa hubeba utambulisho mmoja; mashine inaweza kuifuata ileile kuukuu, na Windows ikiziona zote mbili huifungia moja nje bila maelezo. Ikawaka. Nembo ilitokea na kupotea upesi, na leo hata mimi sidhani ningeiwahi F2.

Hayo yote yangetosha kwenye kijikaratasi kimoja ndani ya boksi, pale walipoweka stika. Hamisha diski nzima, usihamishe C peke yake. Tumia UEFI. Chomoa ya zamani kabla ya kuwasha. Kama una BitLocker, tafuta ufunguo kabla hujagusa chochote. Badala yake wameandika kwa herufi kubwa jinsi inavyopaa.

Inapaa kweli, sikatai. Siku ya kwanza ilipotulia angani, Windows ilinipa ujumbe kwamba kompyuta hii haitimizi masharti ya Windows 11. Prosesa yake ni ya zamani mno. Na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mpwa wangu anasema nisihangaike, dawa ipo, ninunue mashine nyingine. "Siku hizi zinakuja na SSD humohumo, Mjomba."

Sinunui. Ila kama kuna msomaji mwenye skrubu ya M.2 ya ziada, anitafute kupitia kwa mhariri. Kibao changu hadi sasa kimeshikiliwa na selotepu.