Mwisho Wenye Majuto

Huku Mikocheni, Dar es Salaam, jirani na studio za redio na runinga, tamthilia zetu zina uhuru: mume aporwe, mkwe atiliwe sumu, jini alale kitandani, na watoto watazame. Ila wanawake wawili wakipendana, oh, maadili! Nairobi wana ustaarabu zaidi. Mwaka 2018 bodi ya filamu iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu wasichana wawili wanaopendana, iliyotokana na hadithi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, mshindi wa Tuzo ya Caine 2007. Kahiu anasema bodi ilitaka abadilishe mwisho tu, wasichana wajute kidogo. Akakataa. Septemba mahakama ikairuhusu siku saba. Tiketi zikagombaniwa, bila shaka watu walikwenda kukagua maadili.