Jumatatu ni Ngapi?

Aina orodheshwa, kwa maana waliyonayo wanaoandika programu za kompyuta, ni aina ya data ambayo thamani zake zote zinajulikana tangu mwanzo, ni chache, na kila moja imepewa jina lake, kiasi kwamba hakuna thamani ya ziada inayoweza kujipenyeza baadaye kwa kisingizio chochote. Vilele vitatu vya Kilimanjaro, yaani Kibo, Mawenzi na Shira, ni aina orodheshwa iliyotulia kabisa, kwa kuwa hakuna anayetarajia cha nne. Siku za juma nazo huonekana hivyo hivyo kwa asiyezichunguza, na ndiyo maana vitabu vya kufundishia hupenda kuzitumia kama mfano wa kwanza. Ila vitabu hivyo havikuandikwa na watu wanaohesabu siku kwa Kiswahili.

Kiswahili huanza juma kwa Jumamosi, ambayo ni mosi, kisha huja pili, tatu, nne na tano, na hapo hesabu hukatika ghafla na kupokewa na Kiarabu, ambacho kwacho Alhamisi nayo maana yake ni ya tano, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Juma la Mswahili kwa hiyo lina tano mbili zinazofuatana, halina sita, na linafungwa na Ijumaa, ambayo haina namba yoyote bali ina mkusanyiko wa swala. Wanadamu wamelizoea juma hili na hakuna aliyewahi kukosa gulio kwa ajili yake, lakini kompyuta, ambayo hata saa moja asubuhi huiita saba, haina uvumilivu wa namna hiyo.

Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ilikaa zaidi ya miaka 20 bila aina orodheshwa iliyo rasmi, ingawa Pascal ya Niklaus Wirth ilikuwa nayo tangu 1970 na Java iliipata mwaka 2004. Pendekezo la kwanza, la mwaka 2005, lilikataliwa. Lile namba 435, lililoandikwa na Barry Warsaw, Eli Bendersky na Ethan Furman, lilikubaliwa mwaka 2013, na matunda yake yakatoka pamoja na toleo la 3.4 mwezi Machi 2014. Katika miaka yote ya kungoja, watu waliandika namba tupu ndani ya msimbo, kisha baada ya miezi sita wakakaa wakijiuliza kama 3 ilikuwa Jumatatu, Jumatano au idadi ya watoto wa mteja.

Kilichofanya jambo hilo liwezekane ni metaklasi. Katika lugha zinazojengwa kwa vitu, klasi ni kielelezo ambacho vitu vya jamii moja huundwa kwacho, na katika Python klasi yenyewe nayo ni kitu, hivyo ni lazima nayo iwe na klasi yake, ambayo ndiyo huitwa metaklasi. Maelezo haya huwatoa jasho wanafunzi wengi, ingawa aliyekaa darasani akifundishwa ngeli ameshavuka nusu ya mlima bila kujua: kiti kilichovunjika mguu ni kitu, ngeli ya KI-VI ndiyo klasi yake, na ile kanuni inayosema kwamba ngeli yoyote sharti iwe na viambishi vyake vya upatanisho ndiyo metaklasi, kwa maana haishughuliki na kiti hata kidogo, inashughulika na ngeli.

Metaklasi ya aina orodheshwa hufanya kazi kama mjumbe wa nyumba kumi anayefika kwenye nyumba mpya kabla wenyewe hawajashusha godoro, akiwa na daftari lake mwenyewe. Klasi ya kawaida inaposomwa, majina yaliyomo huandikwa kwenye kamusi isiyojali, ambayo jina likirudiwa hufuta la kwanza na kuweka la pili kimya kimya. Metaklasi hii hutoa daftari maalumu linalopiga kelele pale pale jina linapojirudia. Klasi ikishamalizika kusomwa, kila jina hugeuzwa kuwa mwanachama mmoja, aliyeumbwa mara moja tu, na kuanzia hapo mlango hufungwa, kwa kuwa anayeiita klasi kwa thamani fulani hatengenezewi kitu kipya bali hukabidhiwa mwanachama yule yule wa siku zote, na akitaja thamani isiyokuwepo hupewa kosa. Ulinzi huo ni mzuri, lakini una tundu moja, kwani wanachama wawili wenye majina tofauti na thamani ile ile huhesabiwa kuwa mtu mmoja, na jina la pili hufanywa lakabu ya la kwanza bila taarifa yoyote.

Tundu hilo lilijulikana kikamilifu katika kata ya Soweto, mjini Moshi, kwenye banda la mama lishe mmoja anayesifika kwa mtori, ambaye mwandishi wa insha hii alijitolea kumwandikia programu ya kuagiza ndizi bila kuombwa. Programu ilikuwa na aina orodheshwa ya ndizi, na mwandishi, akijiona mjanja, aliipa kila ndizi thamani iliyo sawa na bei ya mkungu wake. Ndizi mshare, ambazo ndizo za mtori, zilikuwa shilingi 15,000. Ndizi mzuzu, ambazo ni za kukaanga, nazo zilikuwa shilingi 15,000. Metaklasi ilitazama bei, ikaona mtu mmoja mwenye majina mawili, ikaendelea na shughuli zake. Alfajiri kijana wa guta aliyetumiwa orodha alishusha mshare mikungu mitatu, kisha mshare mingine miwili, akajifuta jasho na kuomba hela yake.

“Mwanangu,” mama aliuliza kwa upole unaotisha, “ndizi mzuzu zangu ziko wapi?”

“Shikamoo, mama. Zimekuwa lakabu.”

Shikamoo haikuitikiwa. Lipo pambo dogo linaloandikwa juu ya klasi ili kuilazimisha ikatae thamani zinazofanana, na mwandishi aliliweka siku hiyo hiyo kwenye kila alichoweza, ikiwemo aina orodheshwa ya siku, ambayo kwa uaminifu wake kwa Kiswahili ilikuwa imeipa Jumatano 5 na Alhamisi 5. Python ilikataa kuiendesha na kueleza, kwa ufasaha usio wa kawaida kwa mashine, kwamba Alhamisi ni Jumatano. Alhamisi ikalazimishwa kuwa 6, Ijumaa 7, na mwandishi akalala akiwa na amani.

Amani hiyo ilidumu mpaka Jumatatu, ambayo, kwa ile hesabu ya Python inayofuata utaratibu wa kimataifa, ni siku ya 1. Programu ilichukua 1, ikauliza klasi, ikajibiwa Jumamosi, na ikaagiza ndizi za wateja wa mwisho wa juma, ambao walikuwa makazini. Jumanne ilisomeka Jumapili, na kwa kuwa mama Jumapili huwa kanisani, hakuna ndizi iliyoagizwa na mtori haukuwepo. Jumapili yenyewe ilisomeka Ijumaa, hivyo kijana wa guta alipiga hodi saa 12 asubuhi akiwa na mikungu minne, mbele ya mama aliyekwisha kuvaa kitenge cha ibada.

Hesabu ilirekebishwa kwa kuongeza mbili, na kutoa saba kila jibu lilipozidi saba, na programu ikawa nzuri kiasi cha mama kuikubali kwa sharti moja: siku iongezwe ya nane, iitwe Kesho, kwa kuwa tangazo la ukutani kwake husema mkopo ni kesho, na wateja wamelielewa wanavyotaka wao. Mwandishi alijaribu kutengeneza klasi nyingine inayorithi ile ya siku, lakini klasi orodheshwa ikishakuwa na wanachama hairithiwi, na metaklasi ilimrudishia kosa kabla hajamaliza kuieleza Kesho. Kesho imebaki ilipokuwa, kwenye kaunta buku lenye madoa ya supu, na ndiyo siku yenye wadeni wengi kuliko zile saba zikijumlishwa.