Ninapima Hewa, Mama

Anayedhani Kongo yote ni joto hajalala Bukavu mwezi wa saba. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi baridi huingia bila hodi. Nyumba yetu ya Kadutu ni ya mbao zilizopigiliwa zikiwa mbichi. Zilipokauka ziliachana kama wanandoa waliochokana. Tunaota mbabula, jiko letu la mkaa, na pesa za makala zinapanda angani pamoja na joto lenyewe.

Basi shemeji yangu wa Ubelgiji akapiga simu. Huko, alisema, mtu huziba nyufa kwanza, ndipo anafikiria moto. Hewa ya moto hutorokea juu, na ikitoka inavuta baridi kupitia chini. Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1991 zilimalizika nyumba zisizohitaji moto ila kidogo sana. Mume wangu akakata shauri palepale.

Kutafuta nyufa: washa ubani, fuata moshi. Ushauri sahihi kabisa, kwa nyumba yenye nyufa za kuhesabika. Kwetu moshi ulitawanyika kila upande, na mwingi ukapenya ukuta tunaochangia na jirani, mama wa kikundi cha maombi. Akaanza kukemea. Alikemea kwa Kiswahili, akakemea kwa Mashi, kisha kwa Kifaransa, labda pepo huyo alikuwa amesoma. Mume wangu akasogeza mdomo kwenye ufa: "Mama, ni mimi, ninapima hewa." Kusikia ukuta unamjibu, mama wa watu akaita kikundi kizima.

Tuliziba kwa magazeti, vipande vya vitenge na gundi ya unga wa muhogo. Panya walikuja kula gundi, wakaacha habari za siasa. Lakini joto lilikaa, lazima nikiri. Kilichopotea ni harufu ya sambaza wa jirani, wale samaki walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na pamoja na harufu, habari zote za mtaa. Sikujua tena nani ameposwa.

Mama mkwe alifika jioni, akakuta mwanawe anaingiza mbabula ndani ya kasha lile. Hakuketi hata. Aliitoa nje mwenyewe, akafungua dirisha. Hewa ya makala haina harufu wala rangi, nayo hung'ang'ania damu kuliko oksijeni. Unalala tu, huamki.

"Unaziba mlango, halafu unalala na muuaji ndani?"

Mume wangu akampigia shemeji. Kumbe nyumba za Wajerumani zina mashine inayoleta hewa safi na kuipasha kwa joto la ile inayotoka! Mbona hukusema? Alikuwa ameishiwa na uniti, alidai.

Mama mkwe alikuwa bado anang'oa vitambaa ukutani. Cha kwanza tu kilipotoka, sauti ikapenya kutoka upande wa pili: "Mmemaliza kupima? Mwenye nyumba anapandisha kodi."