Jinsi ya Kuuza Uwanja wa Umma kwa Bei ya Kutupa

Mheshimiwa diwani, kama mji wako una madeni na uwanja mkubwa, na umedhamiria kuupoteza uwanja huku deni likibaki palepale, njia ipo na imeshajaribiwa. Ilipitiwa mwaka 2009 huko Pontiac, mji wa viwanda vya magari katika jimbo la Michigan, Marekani. Ifuate hatua kwa hatua, hasara utaipata.

Anza kwa kutegemea mpangaji mmoja. Pontiac ilijenga Silverdome kwa dola milioni 55.7 na kuufungua mwaka 1975: viti 80,000 hivi, na juu yake paa la kitambaa lililoinuliwa kwa shinikizo la hewa. Detroit Lions walicheza humo mpira wa Kimarekani. Wapenzi wa soka tunaukumbuka kwa sababu nyingine. Juni 18, 1994, Marekani na Uswisi walitoka sare ya 1-1 hapo, mechi ya kwanza ya Kombe la Dunia kuchezwa chini ya paa, kwenye nyasi halisi zilizoandaliwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan. Mwaka 2002 Lions wakahamia Ford Field, Detroit, na uwanja ukabaki bila mwenyeji.

Sasa subiri. Miaka ikapita, zabuni za mamilioni zikaja na kuyeyuka, na mji ukaendelea kulipa takriban dola milioni 1.5 kila mwaka kuutunza uwanja mtupu. Kila mnunuzi alijua hilo.

Halafu uza katika mwaka mbaya kuliko yote. Mwaka 2009 General Motors ilifilisika, na ilikuwa imeshatangaza kuyaua magari yenye jina la mji huohuo, Pontiac. Benki zilikuwa hazikopeshi, na fedha za mji zilikuwa mikononi mwa meneja wa dharura aliyeteuliwa na jimbo.

Hatua ya nne ndiyo yenye madhara makubwa, nami inanikera mpaka leo: nadi bila bei ya chini. Novemba 2009 nyundo ikagongwa kwenye dola 583,000. Uwanja na ekari zake 127 ukaenda kwa karibu asilimia 1 ya gharama ya kuujenga. Gawa kwa idadi ya viti, kila kimoja kimeuzwa kwa dola 7 na senti kadhaa. Fedha hizo zisingetosha hata matunzo ya miezi mitano. Mnunuzi, Andreas Apostolopoulos wa Toronto, hakumwibia mtu. Alitaja bei, akapewa.

Watetezi wa mnada husema mji ulitua mzigo wa matunzo na kupata mlipa kodi. Hoja hiyo ina uzito, na mimi sipingi kuuza. Napinga kuuza kwa pupa. Pupa hiyo haikuuokoa mji: mwaka 2011 Pontiac ilivunja polisi wake na kukabidhi kazi hiyo kwa sherifu wa kaunti. Mwaka uliofuata zimamoto ikaenda kwa mji jirani wa Waterford. Mameneja wa dharura walikaa hadi 2013. Uwanja wenyewe ulibomolewa kuanzia Desemba 2017, na ardhi yake sasa ina ghala la Amazon. Thamani ilikuwa kwenye ardhi muda wote, ila haikuufikia mji ulioimiliki.

Kwa hiyo, mheshimiwa, siku dalali atakapoletwa barazani, simama kabla hajafungua mdomo. Dai ripoti ya mthamini asiye na maslahi, inayotenga thamani ya ardhi na ya jengo. Dai bei ya chini iliyopigiwa kura hadharani, na kifungu kinachoupa mji sehemu ya faida ardhi ikiuzwa tena. Uliza pia, mbele ya wananchi, deni litapungua kwa shilingi ngapi. Wakishindwa kujibu, omba kikao kiahirishwe.