Lumbesa ya Mama Mkwe

Ndugu yangu msomaji, kama nawe umeoa kwenye ukoo wa wachapakazi, sogea nikunong'oneze. Nyumbani kwetu Mbagala watu wazima tuko watatu, ila mzima hayupo.

Mimi ni dereva wa daladala. Nina goti la klachi, la kushoto, ambalo foleni ya Barabara ya Kilwa imelikanyagisha mpaka sasa linatabiri mvua. Mke wangu, Mama Zai, ni fundi cherehani. Ameinamia vitambaa miaka na miaka, shingo imegoma. Ukimwita anageuka mwili mzima kama askari wa gwaride, ndiyo maana watoto na mimi tunamwita Afande (asipokuwepo). Wa tatu ni shemeji yangu Winchi, mpagazi wa Kariakoo, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili mwaka juzi. Kiuno chake kimekwisha, maneno yake bado.

Basi Jumamosi akashuka mama mkwe, Mkaguzi Mkuu, kutoka Lushoto na zawadi: gunia la viazi. Nasema gunia kwa heshima tu. Ilikuwa lumbesa, ile ya kujaza mpaka mdomoni kisha ukashonea kilemba juu yake. Mwenye bajaji aliidondosha mlangoni, katikati kabisa, akaondoka bila kudai nauli.

Redio ya kwenye foleni imenisomesha, nikaona niwafundishe. Nikawaambia sheria ya vipimo hairuhusu gunia kupita kilo 100, na Shirika la Kazi Duniani tangu 1967 linashauri mwanamume mmoja asibebeshwe zaidi ya 55. Winchi alicheka hadi kiuno kikambana.

"Shemeji, 55 si mfuko wa saruji na kichanga mgongoni? Huo ni mzigo wa kupashia misuli."

"Haya, beba hili."

"Leo Jumamosi," akajibu.

Nikaendelea na somo, maana mdomo wangu hauumwi. Nikasema Shirika la Afya Duniani limehesabu watu milioni 619 waliokuwa na maumivu ya mgongo mwaka 2020. Afande akageuka, mwili mzima, akauliza kama na wao wote hurudi nyumbani wakachota maji. Kisha akataka kujua habari za Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: kweli unalipa aliyeumizwa na kazi? Nikamweleza unalipa, ila sharti uwe na mwajiri. Akanitazama. Nikauliza chai iko wapi.

Nisionekane mume asiyejali. Hospitali walimwambia Afande asilale kitandani kutwa, anyanyuke mara kwa mara ajinyooshe, akalie kiti chenye egemeo badala ya kile kibao alichorithi. Ushauri mzuri, tatizo ni wenye sare za harusi ya kesho, wao hawajinyooshi. Kiti nilinunua mwenyewe. Mkaguzi alipoingia alikikalia, na hadi naandika haya hakijapata mgombea mwingine.

Gunia nalo likabaki pale pale. Tulilivuta, nikasikia goti limesema jambo. Tukalisukuma, Afande akashika shingo. Watoto walipita juu, mimi nikapita dirishani mbele ya majirani, baba mtu mzima na suruali ya kazi. Jioni goti lilikuwa limevimba, na dawa ya kuchua ipo. Ila fikiria mwenyewe: utapandishaje suruali mpaka pajani na mama mkwe kakaa mbele yako? Yeye ndiye aliyekuwa na haraka.

"Njoo baba, nikuchue. Baba mkwe wako nilimchua miaka arobaini."

Baba mkwe, Mungu amrehemu, alitembelea fimbo. Nikasema nimepona ghafla.

Mkaguzi akaguna, akaomba kisu. Alikata uzi wa kile kilemba, akapakua viazi kwenye beseni, akajitwisha kichwani, akapeleka jikoni. Akarudi. Akajitwisha tena. Mwanamke ana zaidi ya miaka sabini na amebebea kuni milima ya Usambara tangu utotoni. Anasema magoti yake nayo yanauma, ila hajapata nafasi ya kuyasikiliza. Sisi watatu tulikuwa tunamshauri namna ya kupinda magoti.

Alipomaliza akagawa adhabu. Winchi kumenya, Afande kupumzika kwa lazima, mimi nikapewa mbuzi nikune nazi. Nikakaa. Nazi ikakunika vizuri tu, sifa nikapata. Kuinuka ndiyo goti na kiuno vikafanya mgomo wa pamoja, nikabaki nimechutama juu ya mbuzi na kifuu mkononi.

Nikamwita Winchi aninyanyue. Alinizunguka mara mbili, akanipima kwa macho kama anavyopima mizigo Kariakoo.

"Shemeji, wewe ni zaidi ya 55," akasema, akanyoosha kiganja. "Hapa ni elfu mbili, na nalipwa kwanza."