Sifa za Kusanyiko la Robo Saa

Katika mambo yaliyokosa wakili mbele ya hadhara ya waungwana, sioni lililodhulumiwa kupita kusanyiko la ghafla, ambalo vijana huliita flashi mobu, ambamo watu wasiojuana hukutana mahali pa wazi kwa saa iliyotajwa, wakatenda jambo moja lisilo na faida ya dunia wala ya akhera, kisha wakatawanyika kama ndege wa shamba la mpunga waliosikia ukelele wa mwenye kuamia. Mimi ambaye limeniudhi kwa miaka, na ambaye mara kadha wa kadha nimeondolewa kwenye chakula changu cha mchana nikasimamishwa karibu na Mnara wa Saa wa hapa Arusha, mwavuli wazi mkononi, ilhali mvua hakuna na Mlima Meru umejifunua hata kilele chake, nimeona ni wajibu wangu kulisifu.

Nasaba yake si ya kale. Mwaka 2003, mjini New York, Bill Wasik, mhariri wa jarida la Harper's, aliwakusanya watu zaidi ya mia katika duka la Macy's, wakalizunguka zulia moja la bei kubwa, na kila muuzaji aliyewauliza haja yao wakamjibu kwamba wao huishi pamoja katika ghala nje ya mji na kwamba hawanunui kitu ila kwa shauri la wote. Wamarekani walilistaajabia sana jambo hilo, lakini sisi tuliosomeshwa ujamaa wa Azimio la Arusha hatukuliona geni.

Masaibu yangu yalianza kusanyiko hilo lilipofunga ndoa na mchezo mwingine, wa jiokeshi. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliiondoa hitilafu iliyokuwa ikiitia kwa makusudi katika ishara za setilaiti zake za kuonyesha mahali, na siku ya pili yake Dave Ulmer akaficha ndoo msituni katika jimbo la Oregon, akatangaza nambari za mahali pale, na kila atakayeiona achukue kitu, aache kitu, aandike jina lake katika daftari lililomo. Tangu hapo halaiki ya watu huzunguka ulimwengu na simu mikononi wakitafuta vikopo mashinani mwa miti. Na ingawa huku kwetu mchezo huu ni wa wageni zaidi kuliko wenyeji, jirani yangu, dereva wa magari ya utalii, ameambukizwa na abiria wake aliowapeleka Ngorongoro, naye amekusudia kuniambukiza mimi.

Sasa, mchezaji akipata kopo huhesabiwa moja; na akihudhuria mkutano wa wachezaji wenzake huhesabiwa moja vilevile, kana kwamba binadamu naye ni kopo. Hapo ndipo lilipozuka suala ambalo jirani yangu halali kwa ajili yake: aliyehudhuria kusanyiko la robo saa, akatia sahihi, akaondoka, je, amehudhuria mkutano, au amepita njia tu? Wenye mchezo wamekwisha toa fatwa, kwamba mkutano usiotimiza nusu saa haukubaliwi, na ule ambao wachezaji hukutana kuzoa taka usipungue saa nzima. Jirani yangu aona amedhulumiwa, nami nimekubali kuwa wakili wake.

Fadhila ndogo za kusanyiko la robo saa nazipita upesi. Halihitaji ukumbi, wala kodi ya ukumbi. Halina kamati ya maandalizi, na kwa hiyo halina kamati ndogo ya fedha. Mwenye kutaka kukukopa hapati wasaa. Na likifanyika pale Mnara wa Saa halimshtui mtu, kwa sababu mahali pale, toka asubuhi hata magharibi, hapakosi watu waliosimama bila sababu iliyo dhahiri.

Fadhila yake kuu, ambayo kwa ajili yake namwomba msomaji anivumilie, ni hii: kwamba linakwisha kabla mgeni rasmi hajafika. Itafakari hikima hiyo. Mgeni rasmi, kwa desturi iliyothibiti katika nchi yetu, akialikwa saa tatu hufika saa tano, na katika muda wa saa mbili hizo makusanyiko manane ya robo saa yangeweza kufanyika, moja likifuata jingine, na yote manane yakaisha salama pasipo hata moja kufunguliwa rasmi. Hebu fikiri angekuja mtukufu huyo na msafara wake, akateremka garini, akatengeneza koti lake, akatia mkono mfukoni kuitoa hotuba, asione mbele yake ila nyasi zilizokanyagwa na mwuza karanga mmoja! Meza kuu haipo, wala kitambaa cha meza kuu. Mshereheshaji hayupo wa kusimama kila baada ya dakika ishirini na kututangazia kwamba mgeni rasmi yuko njiani, tangazo ambalo kila nilisikiapo hujiuliza ni njia gani, maana mnara wenyewe tumezoea kuambiwa kwamba umesimama nusu ya njia baina ya Cape Town na Cairo. Wala hayupo yule msemaji ashikaye kipaza sauti akasema, ili asitupotezee wakati, kwamba itifaki imezingatiwa, na akiisha kusema hivyo akaanza kuwataja wakubwa wote mmoja mmoja, kwa vyeo vyao, kutoka meza kuu hadi safu ya tatu.

Yamkini wako watakaosema kwamba ufupi ni upungufu. Nawajibu kwa sala ya maiti, isiyo na rukuu wala sijida, takbira nne tu nayo imekwisha. Na sijapata kumsikia shehe, wala hapa wala Lamu, akisema kwamba walioisali hawakukusanyika. Kadhalika mwenye kuchelewa sala ya jamaa akamdiriki imamu katika rukuu amehesabiwa rakaa ile. Lakini hakuna fakihi aliyefundisha kwamba imamu na safu zote wabaki wameinama wakimngojea, kwa udhuru kwamba ameshikwa na kikao kingine.

Sisemi kwamba kitu chenyewe hakina ila. Unasimama bega kwa bega na mwenzio, umekwisha muuliza habari za nyumbani, za watoto na za kazi, hujafika bado habari za mvua, mara saa imetimia na yeye amekwenda zake bila kuaga. Huo ni ujahili! Tena siku moja upepo uliupindua mwavuli wangu, na katika watu wote walioniita pale hakubaki hata mmoja wa kunisaidia kuufunga.

Lakini ni mji huu huu ulionifunza kuipima mikutano. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana hapa tangu tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na siku hizo nne zilitosha kubadili mwendo wa nchi nzima. Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, majengo yake hapa yakawa kituo cha mikutano ya kimataifa, na Jumuiya mpya ikazaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi papa hapa tarehe 30 Novemba 1999. Na tarehe 28 Agosti 2000 Warundi wakatia sahihi mapatano yao ya amani mbele ya Mandela. Mji uliozoea sahihi nzito kama hizo haukosi kuzaa na nyepesi, na nyepesi kupita zote ni ile ya karatasi ya mahudhurio ya warsha.

Hapo ndipo nilipomwona bingwa wa kusanyiko la ghafla, ambaye jirani yangu hamfikii hata kwa ndoto. Bingwa huyo huingia ukumbini saa nne, hutia sahihi, hunywa chai na sambusa mbili, hutoweka. Saa tano yuko ukumbi mwingine, ng'ambo ya pili ya mji, anatia sahihi ya warsha nyingine. Na jioni, bahasha zitolewapo, utamwona amekaa safu ya mbele kwa utulivu wa mtu aliyesikiliza kutwa. Mwenye mwavuli hutia sahihi bure, naye anaambiwa hakuhudhuria. Huyu analipwa posho mbili kwa siku moja, naye ni mjumbe. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, mbunge wa Kigoma Kaskazini wakati ule, aliikataa posho ya kikao kwa hoja kwamba kukaa kikaoni ni sehemu ya kazi ambayo mbunge hulipwa mshahara, na kwa zogo lililofuata ungedhani amependekeza watu wasile.

Nilipata kuhudhuria warsha moja juu ya maji ya miteremko ya Meru, ambayo chemchemi zake nyingi zina madini ya floraidi kupita mno kile kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, ndiyo sababu utaona huko vijana wazuri wenye meno ya rangi ya kahawia, na wazee walioumia mifupa. Alialikwa mama mmoja kutoka Ngarenanyuki azungumze dakika tano, naye alipanda gari alfajiri akafika kabla ya walinzi. Mgeni rasmi alifika saa sita na nusu. Tukatambulishana, tukapiga picha ya pamoja, tukala, kila mmoja na chupa yake ya maji safi mbele yake, na zamu ya yule mama ilipofika tukaambiwa kwamba muda hauruhusu, maoni yake atayawasilisha kwa maandishi. Kwa maandishi! Mtu anayewanywesha wanawe maji hayo kila siku, ambaye maneno yake yalikuwa ndiyo warsha yenyewe, na sisi wengine wote tulikuwa viti. Dakika tano hazikupatikana katika kutwa nzima, na kutwa hiyo ikahesabiwa mkutano uliofana.

Basi hukumu yangu katika shauri la jirani ni kwamba kusanyiko la robo saa ni mkutano halali, na wahesabiwe wote waliohudhuria, kwa sharti moja tu, kwamba kila aliyetia sahihi awe amesimama pale tangu dakika ya kwanza hata ya mwisho. Ule wa kuzoa taka uachiwe saa yake nzima, kwa kuwa taka hazizoleki kwa hotuba. Nawe msomaji, ukipata barua ya kukualika saa tatu kamili, nenda saa tatu kamili. Na ikitimia saa tatu na robo meza kuu ingali tupu, usitie sahihi popote, panda kifodi urudi kazini kwako.